Jumamosi Tatu za Kocha Abuya

Wacha nianze na maji, kwa sababu maji yalinikasirisha kuliko kansa yenyewe. Ukienda kuchomwa na mionzi kwa ajili ya tezi dume, wanakwambia ukojoe kwanza, kisha unywe chupa nzima ya maji, halafu ukae hivyo hivyo umejaa mpaka uitwe. Nusu saa tu, wanasema. Nusu saa ya nani? Unakunywa, unakaa kwa benchi, unabana magoti, halafu mtu wa koti jeupe anatoka kutangaza kwamba mashine imekataa. Unakimbia kukojoa. Ukirudi, ati mashine imekubali, na wewe uko mtupu. Unakunywa tena. Kuna siku nilikunywa chupa tatu na nikarudi nyumbani bila kuchomwa hata kidogo.

Naitwa Wekesa. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, natengeneza milango na madirisha pale Laini Saba, Kibera, kando ya reli, na naishi Kawangware 46 na mke wangu, Mama Sifa. Nina miaka hamsini na nne. Naandika kwa sababu nimepona, au niseme daktari ananiambia nirudi kila miezi mitatu na nikirudi hakunji uso. Tena naandika kwa sababu kuna wanaume wengi wamekaa kwa nyumba wakijidanganya kwamba kuamka mara tano kukojoa ni uzee tu. Lakini siwezi kueleza ugonjwa wangu bila kumweleza Kocha, na nikimtaja Kocha nakasirika. Mnivumilie.

Kocha Abuya alitufundisha mpira Soweto West, huko huko Kibera, wakati hatukuwa hata na raba za kuvaa. Alikufa akiwa na miaka sabini na moja, na mpaka mwaka wake wa mwisho tumbo lake lilikuwa limelala kama la kijana. Kila asubuhi jua likichomoza alikuwa njiani, bukta fupi, firimbi shingoni, anakimbia kutoka kwake Soweto mpaka huku kwetu Kawangware na kurudi. Hakuvuta sigara, hakuonja chang'aa, na chai alikunywa bila sukari huku akihesabu vijiko vyako kwa sauti. Alikuwa na msemo wake: "Chuma kinachotumika hakishiki kutu." Tuliuamini kuliko tulivyoamini mahubiri. Sisi wote tuliopita mikononi mwake, hata walio na vitambi leo, tulikua tukijua kwamba mtu wa mazoezi hagonjeki.

Na alikuwa na desturi moja. Kabla ya mazoezi alisimama mbele yetu na kuuliza, "Nani hayuko?" Kama kuna mtu hayuko, hatukugusa mpira. Timu nzima ilikimbia mpaka kwa huyo mtu, ikapanga laini mbele ya mlango wake na kuanza kuruka pale pale, tukihesabu kwa nguvu: moja! mbili! tatu! Majirani walitoa viti kutazama. Hatukuacha mpaka atoke. Akitoka na homa, Kocha alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Akitoka na usingizi, alipewa raundi kumi. Hakuuliza mtu "kwa nini" kabla ya kumwona. Alisema sababu utazisikia vizuri mtu akiwa mbele yako.

Kuna wawili lazima muwajue. Wa kwanza ni Kanyi, golikipa wetu. Baba yake alikuwa na shamba Kawangware tangu zamani, na shamba lenyewe leo ni ploti za kupangisha. Kanyi ndiye mwenye nyumba yangu. Wa pili ni Otis, winga wetu, mbio kama swara, na nyumba yao ilikuwa na mlango wa nyuma. Tukiwa mbele tunahesabu kumi, Otis yuko ng'ambo ya mtaro akila muwa. Ilimchukua Kocha mwaka mzima kugundua. Siku aliyogundua alipeleka nusu ya timu nyuma, na Otis akatokea akaruka moja kwa moja mikononi mwa Kanyi. Ndiyo mpira pekee Kanyi aliudaka vizuri msimu ule.

Sasa ugonjwa. Mkojo ulianza kuja kidogo, unakatika, unasimama kama mtu anayefikiria. Nilimwambia Kocha kabla ya kumwambia Mama Sifa. Akanitazama tumbo. "Omera, ndugu yangu, umenona. Kimbia. Jasho litatoa hiyo kitu."

Nikakimbia mwaka mzima! Mzee wa miaka hamsini na ushee, najua kila choo cha kulipia kutoka hapa mpaka Kibera, na njia yangu naipanga kufuatana na vyoo. Mama Sifa akiniuliza mbona sina raha, namwambia niko mazoezini. Lakini ploti yetu choo ni cha pamoja, tunaosha kwa zamu, na siku ya zamu yetu ni yeye aliyeosha. Alirudi na ndoo mkononi, akafunga mlango.

"Baba Sifa, ile damu ni yako?"

"Damu gani?"

"Usinitanie. Vaa shati."

Hivyo ndivyo nilivyofika hospitali, nikivutwa kama mtoto wa nasari. Sitawachosha na mambo ya madaktari. Walichukua damu, wakachukua vinyama mahali ambapo sitawaeleza, wakaniambia nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo wakaniambia wiki ijayo. Mtu asikudanganye kwamba kansa inauma mwanzoni. Kinachouma ni benchi. Unakaa na faili magotini, unasikia majina ya watu wote wa Nairobi yakiitwa isipokuwa lako, na mwenye jino linauma anakupita kwa sababu anajuana na askari wa mlangoni. Wiki ya tatu nikaitwa. Daktari alikuwa kijana mpole, akasema iko, lakini haijatoka nje ya tezi, ndiyo kikombe chake, na tukifanya yote kwa mpangilio itakwisha. "Bila kuruka hata siku moja," akasema. Hilo ndilo lilikuwa sharti, na shida yangu yote ilikuwa kwenye hilo sharti.

Jua la Januari lilinikuta kwenye sindano ya kwanza. Ni sindano ya kufunga homoni za kiume, kila miezi mitatu. Hakuna aliyenionya vizuri. Wiki ya pili niko kazini, sijawasha hata moto, kifua kikaanza kuwaka, joto likapanda shingoni mpaka masikioni, jasho likanitiririka kama nimemwagiwa maji. Nikadhani nakufa. Nikaenda nyumbani nimejishika ukuta. Mama Sifa, ambaye kwa umri wake alikuwa ameanza hayo mambo mwaka uliotangulia, alinitazama nikijipepea na kifuniko cha sufuria, akacheka mpaka akakaa chini.

"Karibu kwa chama," akasema. "Tunakutana kila siku, hakuna michango."

Niliudhika siku mbili. Halafu akaninunulia kitambaa changu cha kufutia jasho, kama chake, changu cha buluu. Huruma ndogo kama hizo usizidharau, ndizo zitakubeba.

Matiti yakaanza kuuma, kamba ya aproni ya kazi ikawa adui. Kitambi kikaongezeka, mikono ikapungua. Nikawa nalia ovyo, redioni wakitangaza kifo cha mtu hata simjui nalia. Na ile kazi ya mume ndani ya nyumba ikalala, ikalala kabisa. Mimi nikahamia ukingo wa kitanda. Tulikaa mpaka mvua ya Aprili tukiambiana habari za sukuma wiki na unga tu. Siku moja jioni Mama Sifa akaacha kukata mboga, akanielekezea kisu.

"Mimi sikuolewa na hiyo kitu. Niliolewa na wewe, na wewe ndiye huongei. Ugonjwa nitauvumilia. Kimya sitaki."

Nikasema naona aibu. Akasema, "Basi sema unaona aibu. Si umesema? Umekufa?" Akaendelea kukata mboga. Tangu siku hiyo tuliongea.

Mvua ikiwa imekolea ndipo mionzi ilianza. Wiki saba, Jumatatu hadi Ijumaa. Walinichora alama za wino kiunoni na kunikataza kuzisugua, kwa hiyo Mama Sifa akawa ananiosha yeye, akizizunguka zile alama kwa kitambaa kama anayepangusa vumbi kwenye picha ya ukutani. Wiki ya kwanza nilienda vizuri. Wiki ya pili, Ijumaa, chupa mbili za maji ndani yangu, mashine imekataa na kukubali na kukataa, mlango wa choo una mtu, nikajikojolea. Katikati ya ukumbi, mchana kweupe, suruali ya kijivu. Mama mmoja alihamisha mkoba wake miguuni bila kunitazama, na huko kutonitazama ndiko kuliniua.

Jumatatu sikuenda. Nikamwambia Mama Sifa mashine imeharibika. Jumanne nikasema bado imeharibika. Jumatano akasema, "Hiyo mashine iharibike siku tatu na watu wa Nairobi wanyamaze?" akatoka bila kufunga mlango. Nikaufunga, nikalala. Nilikuwa nimeamua. Wacha ifike itakapofika.

Kama saa tatu asubuhi nikasikia uwanjani mwa ploti: "Moja! Mbili! Tatu!"

Niliijua ile sauti kabla sijafungua macho. Nikavuta blanketi. "Nne! Tano!" Wanawake waliokuwa wakifua walianza kucheka, mmoja akaanza kuhesabu pamoja naye. Nikachungulia. Kocha Abuya, miaka sabini, anaruka mbele ya mlango wangu, mlango niliouchomelea kwa mkono wangu mwenyewe. Kando yake Kanyi, mwenye ploti, kitambi kinaruka kivyake, viatu vya ngozi vimejaa tope. Mama Sifa amesimama nyuma yao, mikono kiunoni. Kumbe alikwenda kuniitia timu.

Nilivumilia mpaka mia moja na kumi. Nani angeweza kulala? Nikafungua.

Kocha hakuuliza kitu. Alikuwa hata hahemi. "Vaa viatu," akasema.

"Kocha, nilijikojolea mbele ya watu."

"Nimesikia. Vaa viatu, na ubebe suruali ya pili."

Tangu siku hiyo alinipeleka yeye, kila siku iliyobaki. Zile siku nilizoruka ziliongezwa mwishoni, na daktari akanigombeza vya kutosha. Kocha alikaa nami kwa benchi kama amealikwa. Mungu anisamehe, alikuwa anasumbua! Wagonjwa wamejaa maji mpaka machoni, yeye anawaambia wanyooshe mgongo, wazungushe shingo, wapumue kwa tumbo. Wazee walimpenda. Ikifika zamu ya mtu, benchi nzima ilimpigia makofi, mpaka wale wa koti jeupe wakazoea.

Palikuwa na muuguzi mmoja tulimwita Sista tu, mama mfupi asiyependa mzaha. Siku moja alisimama mbele ya Kocha na trei yake.

"Mzee, na wewe ulipimwa lini?"

Kocha akanyoosha mguu, akajipiga paja. "Mimi? Sista, shika hapa. Hilo ni paja la mgonjwa?"

Benchi ikacheka. Sista hakushika. Wiki iliyofuata akauliza tena, na Kocha akashuka sakafuni akapiga pushapu ishirini, watu wakihesabu. Mara ya tatu, ilikuwa karibu namaliza, baridi ya Juni imeanza, Sista akaja amevua glavu, akaongea taratibu.

"Mzee wangu, ni damu kidogo tu ya mkononi. Dakika tano. Uko hapa kila siku umekaa bure."

Kocha akanyamaza kidogo. Niliona, nawaapia niliona, alifikiria. Na mimi, mimi Wekesa, niliyekuwa na alama za wino kiunoni na sindano ya tatu ikiningoja, nikajaza kile kimya. Nikasema, "Sista, achana na huyu. Huyu atatuzika sisi wote."

Benchi ikacheka tena. Kocha naye akacheka, akanipiga bega. Sista akaenda zake.

Nilimaliza mionzi Julai, siku ya manyunyu, na Mama Sifa alipika kuku. Kocha alikula paja, akaacha ngozi. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, lakini nilikuwa nimemaliza.

Wakati huo sisi wachezaji wa zamani tulikuwa tukikutana kila Jumamosi kupiga mpira kidogo Kibera, zaidi kelele kuliko mpira. Jumamosi moja mwishoni mwa Julai nilimwona Kocha amekaa juu ya jiwe. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amekaa wakati mpira unachezwa. Nikamuuliza. Akasema mgongo, alisaidia kuhamisha goli la chuma na akakosea kuinama. "Nitakimbia, maumivu yatatoka," akasema. Mimi ndiye niliyelitengeneza lile goli, najua uzito wake. Nikaridhika. Mtu aliyekaa miezi na kansa yake mwenyewe, aliyeambiwa na daktari kwa mdomo kwamba ikitoka kwenye kikombe chake hupenda mifupa, akaambiwa mgongo unauma na akaridhika!

Jumamosi iliyofuata Kocha hakuja.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo ninapokasirika mpaka leo. Tulisimama pale, watu kumi na wawili, tukatazamana, tukaanza kucheza. Hakuna aliyeuliza "Nani hayuko?" Aliyekuwa akiuliza miaka yote ndiye hakuwepo. Otis alisema labda ameenda nyumbani Siaya, ni wakati wa mavuno. Jumamosi ya pili tukasema mavuno ni marefu. Jumamosi ya tatu hata hatukumtaja. Kwake ni mwendo wa dakika chache kutoka pale uwanjani. Watu waliolelewa kwa kupigiwa mlango! Kama angekuwa Kanyi hayupo tungesema ni presha. Kama ni mimi tungejua ni nini. Lakini Kocha? Chuma kinachotumika? Hakuna aliyefikiria. Na mimi niongeze langu: nilikuwa na oda ya madirisha, na nilikuwa nimechoka na habari za wagonjwa. Nilitaka Jumamosi yangu.

Jumatano yake mama anayeuza omena jirani na kwake alinipata kazini. "Fundi, yule mzee wenu wa mbio hasimami. Nampelekea uji kwa kijiko. Nyinyi mko wapi?"

Nilizima mtambo nikaacha dirisha nusu. Nikampigia Kanyi, tukakutana kwa mlango wa Kocha, mlango wa mabati, wa buluu. Tulikuwa hatujawahi kuja pale kumwita. Miaka yote hiyo, hata mara moja. Kanyi alishindwa kubisha, ikabidi nibishe mimi.

Alikuwa amelala chali. Firimbi imetundikwa msumarini. Mapaja yale, yale ya kuonyesha Sista, yalikuwa yamelala kitandani kama ya mtu mwingine, miguu haikusikia. Akageuza kichwa.

"Mmechelewa," akasema. "Nimehesabu Jumamosi tatu."

Kanyi akaanza kulia. Mimi nikapandwa na hasira, haki ya Mungu, nikamfokea mgonjwa. "Si ungepiga simu, Kocha! Simu iko hapo kwa mto!"

"Nyinyi mlikuwa mnanipigia simu?" akasema. "Nilikuwa nasikiliza mlango."

Tulimbeba. Kanyi alimchukua mgongoni, kama Kocha alivyokuwa akitubeba, mpaka barabara inapofika gari. Tukarudi hospitali ile ile, ukumbi ule ule, benchi ile ile ya maji. Kansa ya tezi dume, kama yangu, ilikuwa imeingia uti wa mgongo na nyonga. Sista alimkuta pale kwenye kitanda cha magurudumu. Alisimama, trei mkononi. Kocha ndiye aliyeanza.

"Sista, zile dakika tano zako bado ziko?"

Yule mama asiyependa mzaha aliweka trei chini akamshika mkono, na hakuuachilia mpaka alipoitwa mara ya pili.

Jakaranda zilipochanua, Oktoba, alikufa. Walimpa dawa za maumivu, na wiki za mwisho hakuteseka sana. Nililijua hilo kwa sababu alirudia kugombeza watu kuhusu sukari. Tulimsindikiza mpaka Siaya. Pale kaburini kila aliyeshika kipaza sauti alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mmoja baada ya mwingine! Nilitaka kurusha kiti. Nani alificha? Aliulizwa mara tatu mbele ya benchi nzima, mchana. Alijibu kwa ujinga, ndiyo, ujinga wa mtu aliyependwa kwa ajili ya mwili wake mpaka akaogopa kuuliza mwili wenyewe. Nilimkasirikia ndani ya jeneza lake. Lakini ile mara ya tatu alitaka kujibu vingine, na mdomo uliomjibia ulikuwa wangu. Na chuma hushika kutu hata kikitumika. Huanzia ndani ya bomba, mahali rangi haifiki. Mimi ni fundi, nilijua hilo miaka yote, na sikusema.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Sista nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Usiniombe mimi. Niletee hao wengine." Kila Jumamosi asubuhi yeye husaidia kwenye kituo kimoja cha afya hapa Kawangware, wanapima tezi dume.

Nikawaambia. Wote wakasema ndiyo, wazee wa watu, ndiyo ndiyo. Isipokuwa Kanyi, na Kanyi ndiye alibeba Kocha mgongoni. Alinijibu, "Mimi nakojoa vizuri. Siku nitakojoa vibaya nitakuambia." Mwezi mzima. Nikagundua ananikwepa, mwenye nyumba anamkwepa mpangaji! Uliona wapi?

Basi Jumamosi moja ya Januari, jua limeshapanda, tulikwenda wazee tisa mpaka kwa geti lake. Tukapanga laini. Wengine magoti yanalia, mmoja ana fimbo. Mimi nikiruka huvuja kidogo, mpaka leo, na siku hizi nikijua nitaruka navaa pampasi. Naisema hapa ili wewe unayevaa yako ujue hauko peke yako. Tukaanza. "Moja! Mbili!" Wapangaji wakatoka na viti.

Kanyi akatokea roshani. "Wekesa! Nitakutoa kwa ploti yangu!"

"Tatu! Nne!"

"Ngai! Mungu wangu, nina wageni!"

"Tano! Sita!"

Hakuwa na wageni. Tulikuwa tumefika sitini na kitu, sauti zimekauka, wakati mke wake alifungua geti mwenyewe na kumsukuma nje. Kanyi alitoka na malapa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamwambia avae viatu.

Kule kituoni Sista alimfunga mpira mkononi, akapata mshipa, akavuta, akabandika pamba. Kanyi alikuwa amefumba macho. Akayafungua.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza, mzee."

Akatazama pamba. Akanitazama mimi. "Ni hii tu? Wekesa, Kocha alikataa hii?"

"Ni hii."

"Na sisi tukamwacha."

"Mimi nilicheka kabisa," nikamwambia.

Kanyi alikaa pale, mtu mzima mwenye ploti nne, anabonyeza ile pamba na machozi yanamdondokea kifuani. Sista alimwacha, akaita anayefuata. Hakuna aliyeingia. Akaita tena.

Kanyi akainuka akatoka nje kwa foleni ya wazee wetu. Akaipitia kwa kidole, mmoja mmoja, midomo inacheza. Akarudia. Kisha akauliza, na tangu tumzike Kocha hakuna mtu alikuwa amelisema hilo neno:

"Nani hayuko?"

Tukatazamana. "Otis," mtu akasema. "Alisema anaenda kununua maji."

"Anaishi wapi siku hizi?"

"Laini Saba."

Ni mbali, kutoka hapo, kwa miguu ya wazee. Kanyi akaitazama pikapu yake iliyoegeshwa chini ya ukuta, akaipita. Akavuta suruali juu ya kitambi, pamba bado mkononi.

"Nusu yenu mtapitia mlango wa nyuma," akasema, akaanza kukimbia.